Kutoboa Ruger 10/22 kwa nyuma ili isafishike: maoni yangu kuhusu bushi ya kuongozea drili

Kwanza nieleze kilichomo, maana picha za mtandaoni zinaficha mengi. Unapokea mfuko mdogo wa plastiki wenye bushi moja ya chuma (kibomba kifupi kinachoishika biti isiyumbe), biti ya drili ya robo inchi yenye urefu wa inchi 12, na karatasi ya maelekezo. Basi. Kazi ya vitu hivyo ni moja tu: kutoboa tundu kwenye ukuta wa nyuma wa risiva ya bunduki ya Ruger 10/22, yaani lile kasha la alumini linalobeba bolti (kipande kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi na kutoa ganda), kifyatulio na mtutu. Ukishalipata hilo tundu, fimbo ya kusafishia inaingilia nyuma, inanyooka hadi kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, na kutokea kwenye mdomo wa mtutu. Nililipa dola thelathini na kitu pamoja na usafirishaji. Jina la muuzaji naliacha. Nina ugomvi na ile biti, na isitoshe vifaa vya namna hii vinatengenezwa na wengi, tofauti zake ni ndogo.

Mimi ni mkereza vyuma. Ufundi niliusomea VETA Chang'ombe, nikafanya kazi karakana za Gerezani, na sasa nipo Dayton, Ohio, tunachonga vipuri vya pampu. Bushi na biti ndivyo vitu ninavyovishika kutwa, na mtu akiniuzia biti mbovu huwa najua kabla sijawasha mashine. Mambo ya bunduki yalikuja baadaye. Wazee wa kazini walinialika kwenda kuwinda kindi, msimu wao hapa Ohio unafunguliwa tarehe 1 Septemba, nikanogewa. Nyama ya kindi, kwa anayetaka kuuliza, ukiichemsha kwanza ikalainika kisha ukaiunga kwa nazi, wageni wanaomba waongezewe. Mke wangu amekataa kabisa kuiita nyama, lakini mchuzi anaunywa.

Sasa shida yenyewe. Ruger waliitoa 10/22 mwaka 1964 na mpaka leo inauzwa. Inatumia risasi ya .22 Long Rifle, ile ndogo ambayo kiwashio chake hakikai katikati ya ganda, kinamwagwa ndani ya ukingo wake, na pini inaugonga ukingo huo ndipo baruti iwake. Magazini yake inabeba risasi 10 kwa mzunguko na inazama yote ndani ya mti wa bunduki. Mtutu umeshikwa kwa kibano na skrubu mbili, kwa hiyo mtu anaweza kuubadilisha mezani kwake kwa spana ya aleni. Ndiyo maana watu wanaopenda kuchokonoa wameing'ang'ania: karibu kila kipande chake unakipata dukani cha aina nyingine, chepesi zaidi, kizito zaidi, chenye rangi.

Ila nyuma pamezibwa. Ukishatoa kifyatulio na bolti, risiva ina uwazi mbele ambako mtutu unaingia, uwazi chini, na dirisha ubavuni la kutolea maganda. Nyuma ni ukuta wa alumini. Bunduki za kukokwa kwa mkono kama CZ 457 au Savage Mark II hazina tabu hiyo, unachomoa bolti, unachungulia, na mtutu wote unauona kutoka nyuma. Kwenye 10/22 ukichungulia unaona giza. Si peke yake katika hili. Marlin Model 60, mzee mwenzake wa mwaka 1960, naye yuko hivyohivyo.

Kwa hiyo watu wanaingiza fimbo kwa mbele, mdomoni. Hapo ndipo bunduki nyingi za .22 zinapoharibikia. Pale mwisho kabisa wa mtutu, mifereji ya ndani inapokomea, pana ukingo mwembamba ambao gesi inautoka kwa wakati mmoja kuizunguka risasi. Fimbo ya chuma ikisuguasugua upande mmoja wa ukingo huo, upande ule unalika, na siku nyingine gesi inaanza kutoka upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi kombo. Hutaona kwa macho. Utaona kwenye karatasi ya shabaha, matundu yametawanyika na huelewi sababu. Kichwa cha risasi ya .22 chenyewe ni laini na kimepakwa nta, hakina uwezo wa kuula mtutu wa chuma haraka. Mlaji ni fimbo.

Jambo la pili ni uchafu unakoelekea. Ukisukuma kutoka mbele, masizi na dawa yote ya kusafishia unayamwaga ndani ya chemba na risiva, sehemu ambazo ndizo ulikuwa unajaribu kuzisafisha. Wengine wanageuza bunduki juu chini ili dawa isidondokee kwenye kifyatulio. Nimewaona wakifanya hivyo kwa ustadi mkubwa, lakini ni ustadi wa kukwepa shimo ambalo lingeweza kufukiwa.

Kabla sijafika kwenye drili, njia nyingine zipo, na kwa wengi zinatosha. Ipo kamba ya kuvuta, ile ya Hoppe's wanayoiita BoreSnake: unaidondosha kwa upande wa chemba, unaivuta kwa mbele, inapita na brashi yake. Mwelekeo wake ni sahihi na inachukua muda mfupi. Nta na masizi yanabaki ndani ya kamba yenyewe, na usipoifua mara kwa mara unavuta uchafu wa wiki iliyopita. Na kwenye chemba, ambako pana kazi kubwa, kamba inapita mara moja tu. Huwezi kusimama pale ukasugua. Zipo pia nyaya za kuvuta zilizofunikwa plastiki, za Otis na wengineo. Hizo nazipenda kwa safari. Zinavuta vizuri, ila hazisukumi.

Unaweza pia kuung'oa mtutu kila ukitaka kusafisha. Skrubu mbili, umemaliza. Tatizo ni darubini. Yangu imefungwa juu ya risiva, na mtutu ukitoka na kurudi, hata ukikaza sawasawa, risasi zinahama kidogo na itabidi uirekebishe upya. Ndiyo maana niliacha. Kama hujanunua bunduki bado, tazama 10/22 Takedown iliyotoka mwaka 2012: mtutu wake umetengenezwa uchomolewe kwa kuuzungusha, na unausafisha kwa nyuma bila kutoboa chochote.

Na tundu hili si ujanja wa vichochoroni. Risiva za Volquartsen na KIDD, zile za bei ya juu wanazonunua watu wa mashindano, zinakuja nalo. Ruger wenyewe wameliweka kwenye 10/22 Competition ya karakana yao maalumu. Mimi nina ya kawaida iliyouzwa bila tundu, na sikuona kwa nini ninunue risiva nzima kwa sababu ya kitundu cha milimita sita na kidogo.

Tuje kwenye bidhaa.

Bushi ni nzuri. Niseme hivyo wazi kwa kuwa mengine nitakayosema si mazuri. Niliipeleka kazini nikaipima kwa maikromita: kipenyo cha nje 0.687 ya inchi, na sehemu ya mtutu inayoingia kwenye risiva ina 11/16, yaani 0.6875. Iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, ikakaa, haikucheza. Tundu lake la ndani limekaa katikati kabisa. Niliizungusha kwenye mashine ya kukereza huku saa ya kupimia ikiwa imeegeshwa ndani, na sindano karibu haikusogea. Chuma kimepigwa moto kikawa kigumu, biti haitakila. Aliyekereza kitu hiki anajua kazi, na ningefurahi kufanya naye kazi zamu moja.

Tatizo lake ni ufupi. Bushi inakaa mbele ya risiva, mahali pa mtutu, ukuta unaotobolewa uko nyuma kabisa. Katikati hapo pana nafasi tupu ambayo biti inavuka bila kushikwa na kitu. Biti ya robo inchi yenye urefu wa futi nzima ikizunguka hewani inapepesuka, na ncha yake ikigusa ukuta wa ndani, ambao haukusawazishwa kwa mashine, inatafuta njia rahisi na kuteleza kabla ya kung'ata. Ukitoboa hivyohivyo bila subira, tundu litatokea, lakini litakuwa limehama kutoka kwenye mstari wa mtutu. Na tundu lililohama ni hasara tupu, kwa sababu fimbo itaingia imepinda na kuanza kusugua chemba upande mmoja. Utakuwa umehamisha madhara kutoka mbele ukayaleta nyuma.

Mwenye mashine ya kukereza ana dawa rahisi. Nilikereza bomba la shaba nyeupe lenye tundu la robo inchi, nikalifanya refu la kutosha kufika karibu na ukuta wa nyuma, nikaliunganisha na bushi yao. Biti sasa inashikwa safari nzima. Asiye na mashine afanye hivi: kabla ya kufunga biti kwenye drili, aipitishe kwenye bushi, aisukume hadi iguse ukuta, kisha aizungushe kwa mkono huku akikandamiza, mpaka ichimbe kishimo. Inachosha kidole, lakini alumini ni laini, kishimo kinapatikana, na biti ikija kwa nguvu ya umeme inakuta kiota chake. Karatasi ya maelekezo haisemi neno kuhusu hili.

Biti, jamani. Mdomo mmoja wa kukatia ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, tofauti unayoweza kuiona kwa jicho ukiinua kwenye mwanga. Biti ya namna hiyo inatoboa tundu kubwa kuliko kipenyo chake na inavutia upande mmoja. Ncha nayo ilikuwa ya kawaida, butu katikati, ile inayotambaa kabla ya kukata. Niliinoa upya kwenye jiwe, nikasawazisha midomo, nikaipunguza katikati ili ing'ate mara inapogusa. Kwa fundi ni kazi ya dakika chache. Kwa mtu anayefanya kazi benki na amenunua kifaa hiki kwa sababu aliambiwa kila kitu kimo, ni uonevu.

Na maelekezo. Mstari wa kwanza unasema funga risiva kwenye vaisi. Mstari wa kwanza wa kazi yoyote ya bunduki ni kutoa magazini, kuvuta bolti nyuma, kutazama chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole, na kupeleka risasi zote chumba kingine. Haijalishi unaijua bunduki yako kiasi gani. Aliyeandika karatasi ile labda aliona ni jambo linalojulikana, lakini mambo yanayojulikana ndiyo yanayostahili kuandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa.

Kazi yenyewe niliifanyia gereji, Jumamosi jioni, na jirani yangu wa Bukavu akiwa amekalia ndoo akinisimamia. Alipoona natoa drili akashika kichwa. «Yaya, unatoboa bunduki mupya? Si utaiharibu?» Nikamwambia shika tochi.

Risiva ikiwa tupu, bila mtutu, bila kifyatulio, bila bolti, bila ile pini nene ya nyuma inayoisimamisha bolti (hiyo haihitaji kusukumwa, ukitoa mti wa bunduki na kuinamisha inaanguka yenyewe sakafuni na kukimbilia chini ya friji), niliifunga kwenye vaisi katikati ya vipande viwili vya mbao laini. Usikaze kama unabana bomba la maji. Ni kasha lenye kuta nyembamba, na ukilibana sana ubavuni, bolti haitateleza tena. Kwa nje, pale biti itakapotokea, nilibandika utepe wa karatasi tabaka kadhaa na kuegemeza kipande cha mti mgumu, ili rangi isibanduke biti inapovuka.

Alumini ina tabia ya kuyeyukia kwenye biti na kuganda. Dawa yake tuliyofundishwa Chang'ombe ni mafuta ya taa, na huku Marekani wanayauza kwenye makopo ya bluu kwa bei ambayo mama yangu akiisikia atacheka. Tone moja kwenye ncha, drili taratibu, sukuma kidogo, toa, pangusa, rudi. Maranda yalitoka membamba, yenye kung'aa, yakajisokota kwenye biti, na kila mara nilipoitoa niliyafuta kwa brashi kabla ya kurudisha. Biti inapokaribia kuvuka unaisikia mkononi, mlio unabadilika kuwa mwembamba. Hapo ndipo pa kupunguza nguvu kabisa na kuiacha ijimalize yenyewe. Jirani alikuwa ameacha kusimamia tochi, anachungulia tu.

Tundu likishatoka, kingo zake zina meno. Nilizivunja ndani na nje kwa kipanuzi cha mkono, nikapitisha msasa laini, kwa sababu fimbo nzuri imefunikwa plastiki na meno ya alumini yataibandua. Kisha risiva yote ikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, ikapulizwa kwa hewa kila pembe. Randa moja dogo likibaki kwenye kifyatulio linaweza kukuletea balaa, usilifanyie haraka hili. Ile alumini tupu iliyobaki inang'aa niliipaka Aluminum Black ya Birchwood Casey. Ikawa kijivu cha kukoza, haikufanana kabisa na rangi ya kiwandani. Ukiegemeza bunduki ukutani hakuna anayeona. Wewe utaona, kila siku.

Matokeo ya usafi ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwanza niwaambie wasioamini: mtutu wa .22 hauhitaji kusuguliwa kila ukitoka uwanjani. Nta na masizi vikishapaka ndani kwa kiasi chake, bunduki nyingi zinalenga vizuri zaidi kuliko zikiwa zimeng'arishwa. Kinachohitaji mkono ni chemba. Pale mdomo wa ganda unapoishia ndani ya chemba panajengeka pete ya masizi magumu yaliyochanganyika na nta, na pete hiyo ikikua, risasi inayofuata inakataa kuingia yote, au ganda linakataa kutoka. Kwenye 10/22 ni mbaya zaidi kwa sababu bolti haina kufuli. Inazuiwa na uzito wake na springi tu, inaanza kurudi gesi ikiwa bado ndani, na gesi hiyo inaleta masizi nyuma mpaka kwenye risiva.

Kwa tundu la nyuma, brashi ya shaba iliyolowa Hoppe's No. 9 (dawa ya tangu 1903, ina harufu ya ndizi mbivu iliyosahaulika kwenye gari) inaingia sawasawa kwenye chemba. Unaisimamisha pale, unaizungusha nusu mzunguko mara kadhaa, halafu unaisukuma mbele hadi itokee mdomoni. Unaifungua pale mbele, unairudisha fimbo tupu. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi na vipele vya masizi vikiwa vimejipanga upande mmoja, kama nusu ya pete. Nilikibeba kazini Jumatatu kwenye mfuko wa plastiki kuwaonyesha wazee. Mmoja wao, ambaye ana 10/22 tangu ujana wake na amekuwa akivuta kamba miaka yote, alikitazama akauliza kama bushi inaazimwa.

Huko nyuma, risasi zilikuwa zinakwama katika magazini ya tatu au ya nne siku ya joto. Sasa hazikwami. Usahihi wa kulenga haujabadilika, na sikutarajia ubadilike. Hakuna tundu la nyuma linaloweza kurekebisha mtutu. Anayekuuzia kifaa hiki kwa ahadi ya kulenga vizuri zaidi anakudanganya, faida ya hapo ni kwamba ukingo wa mbele hauendelei kuumia.

Bado unahitaji kufungua bunduki. Hili wauzaji wanalipitia kimya. Tundu halikuruhusu kuingiza fimbo bunduki ikiwa nzima. Lazima uivue mti, usukume pini mbili za kifyatulio, na utoe bolti pamoja na mkono wake wa kukokea na springi. Kuirudisha hiyo bolti ni mtihani wenye maneno mengi usiyoyasema mbele ya watoto. Kama ulikuwa unatafuta njia ya kusafisha bila kufungua, baki na kamba.

Nimeulizwa kama gesi itatoka nyuma na kumpiga mpigaji usoni. Bolti yote iko kati ya chemba na tundu, na ganda likipasuka gesi inapata njia fupi zaidi ubavuni, kwenye dirisha la maganda. Hata hivyo vaa miwani, tundu au bila tundu; .22 inapasua ganda mara mojamoja na chembe za baruti hazichagui. Nimeulizwa pia kama risiva inadhoofika. Bolti ikirudi haiupigi ukuta wa nyuma, inaipiga ile pini nene, kwa hiyo ukuta ule haubebi mzigo huo. Thamani ya kuuza inashuka kidogo kwa wanunuzi wanaotaka kitu kama kilivyotoka kiwandani. Ukiwa na bunduki ya urithi au toleo la kumbukumbu, usiiguse.

Kuhusu sheria niwe mwangalifu. Hapa Marekani risiva ndiyo inayohesabiwa kuwa silaha yenyewe, na namba yake ya utambulisho imechorwa juu yake; kuifuta au kuiharibu namba hiyo ni kosa la jinai la shirikisho. Tundu la nyuma haliigusi namba, lakini angalia yako iko wapi kabla ya kufunga vaisi, maana taya za chuma nazo zinafuta. Ndugu zetu wenye viza za muda, za masomo kwa mfano, kwa kawaida hawaruhusiwi kumiliki bunduki isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda, kwa hiyo wasifuate mkumbo wa sisi wenye ukaazi wa kudumu. Na unayesoma ukiwa Tanzania chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, au Kenya chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, usichukue drili. Peleka kwa mwenye leseni ya kazi hiyo, ukiwa na karatasi zako mkononi, au tumia kamba na maisha yaendelee.

Nani anunue? Mtu mwenye 10/22 ya kawaida anayepiga mara nyingi, mwenye darubini juu ya risiva, ambaye drili haimtetemeshi mkono. Fundi wa bunduki wa mjini kwetu alinitajia bei ya kazi hii karibu mara mbili ya kifaa, na kwa mtu ambaye hajawahi kutoboa chuma, hiyo ni bei nzuri, ailipe. Anayepiga kopo nyuma ya nyumba mara mbili kwa mwaka hana haja na lolote kati ya haya.

Bushi naipa nyota nne na nusu, ile nusu imepotelea kwenye ufupi. Maelekezo, moja. Biti haina nyota, ina kutu tu kwenye kisanduku changu cha mabaki. Wauzaji wengine wanakubali kukuuzia bushi peke yake ukiwaandikia. Fanya hivyo, biti nunua duka la vifaa vya mafundi, na pesa itakayobaki iongezee kwenye fimbo ya kipande kimoja iliyofunikwa plastiki. Zile za kuunga vipande vitatu zina ngazi kwenye viungo, na zikipita kwenye tundu jipya zinakwangua kila mara.